Sahihi ya Pili

Kanuni ya Kumi na Moja ya chama chetu cha warukaji niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuwahi kuijutia hadi Jumamosi ile. Inasema kwamba safari ndefu haitahesabiwa kuwa rekodi mpaka cheti cha kutua kitiwe sahihi na watu wazima wawili, walioona kwa macho yao mrukaji akigusa ardhi, wasio na udugu naye wa damu wala wa ndoa. Na jambo hilo litimie ndani ya nusu saa. Baadhi ya wanachama walinung'unika kwamba inabana. Niliwajibu kwamba kanuni isiyobana si kanuni, ni maoni.

Sisi huruka kwa bawa. Bawa si ndege, wala halina injini. Ni mabomba ya alumini yaliyovikwa kitambaa kigumu, na chini yake mtu huning'inia kifudifudi ndani ya mfuko mrefu, kama kiwavi aliyeghairi kuwa kipepeo. Hukimbia kwenye mteremko wa mlima mpaka ardhi iishe, kisha hutafuta hewa yenye joto inayopanda, ambayo sisi huiita ngazi, akazunguka ndani yake mpaka imfikishe mawinguni. Kutoka hapo huteleza mbele, akishuka polepole na kuitafuta ngazi nyingine. Akiikosa, hutua. Hiyo ndiyo elimu yote. Kinachobaki ni baridi.

Rekodi ya chama ilikuwa kilomita tisini na nne. Ingekuwa mia moja na kumi na nane kama si mimi. Mwanachama mmoja anayejiita Mwewe, na ambaye akiwa hayupo huitwa Kifaranga, aliruka umbali huo miaka mitatu iliyopita, akatua mbele ya nyumba ya shangazi yake, na shangazi akatia sahihi. Nikiwa katibu, niligonga mhuri wa BATILI.

"Katibu, kule ni porini!" alilia. "Hakukuwa na kiumbe ila shangazi, mume wake na mbuzi!"

"Ungemtafuta asiye shangazi."

"Nani, mbuzi?"

"Kanuni inasema watu wazima."

Alikikunja cheti chake taratibu, akakitia mfukoni. "Sawa, Katibu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Siku moja utatua penye ndugu zako watupu, na mimi nitakuwepo kukisoma cheti chako."

Nilimwambia kwamba mimi sina ndugu wengi. Sikukumbuka kuwa nina mke.

Basi nilibakiwa na Jumamosi moja tu. Jumatano iliyofuata ningetimiza miaka sitini, na Kanuni ya Saba inamkataza mwenye umri huo kuruka safari ndefu. Hiyo nayo niliiandika mimi, nikiwa na miaka arobaini, wakati sitini ilipoonekana kama nchi ya mbali ambako watu wengine huhamia. Miaka ishirini nimeruka. Siku zote wa pili, au wa tatu, au juu ya mti. Nilitaka jina langu liandikwe mara moja katika kitabu ambacho mistari yake yote niliichora kwa rula yangu.

Ilikuwa kilele cha kipupwe. Anga lilikuwa kavu, jua kali, na baridi ya kumfanya mtu ayasikie meno yake. Kifuani nilipanga magazeti manne, hila niliyojifunza shule ya bweni, ambako kila mwanafunzi alikuwa na blanketi moja na mwalimu wa zamu aliamini kwamba baridi hujenga tabia. Naamini hivyo mpaka leo, ingawa tabia yangu ilikwisha kujengwa zamani na baridi haijaacha kuja.

Mke wangu hunifuata kwa pikapu, tukizungumza kwa redio. Huniita Bwana Mkaguzi anaponitania, na siku hizi hunitania sana.

"Umeutazama upepo, Bwana Mkaguzi?"

"Unaelekea kusini-mashariki."

"Kusini-mashariki ni kwa mama."

"Kusini-mashariki ni kusini-mashariki."

"Haya, mimi nimesema. Chooni umekwenda?"

"Hilo si swali la kumuuliza mtu mzima."

"Umekwenda au hukwenda?"

"Nimekwenda," nilisema. Nilikuwa nimekwenda saa mbili kabla, na baada ya hapo nilikunywa vikombe vitatu vya chai.

Hapa sina budi kuieleza habari ya mizani.

Kazi yangu ni ukaguzi wa vipimo. Huingia madukani na masokoni na mawe yangu ya shaba, nikazipima mizani za watu, na iliyo pungufu huifunga kwa lakiri nyekundu. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikwenda na wazee wangu kumposa binti wa mkulima mmoja wa viazi, mjane mwenye sauti ya kengele ya shule. Alitukaribisha vizuri. Barazani kwake palikuwa na mizani ya kupimia viazi. Niliitazama. Nilijizuia kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Kisha nikaenda garini, nikarudi na mawe yangu, nikaipima. Ilikuwa pungufu gramu themanini kwa kila kilo kumi. Nikaifunga.

Watu huniuliza kama nisingeweza kusubiri mpaka kesho yake. Ningeweza. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya soko.

Mjane yule alisimama mbele ya wageni wote. "Binti yangu ni mtu mzima," alisema, "ataolewa na amtakaye. Lakini mimi sina mkwe. Nina mkaguzi." Nami, kwa kiburi ambacho wakati ule nilikiita heshima, nikajibu kwamba sitakanyaga tena shamba lake mpaka yeye mwenyewe aniite mwanawe. Tangu siku hiyo mke wangu huenda kwao na watoto tu, na hurudi na gunia la viazi lenye kibandiko cha uzito. Naona aibu kusema kwamba kila gunia hulipima. Huzidi. Kila mara huzidi gramu themanini kwa kila kilo kumi, bila kukosea.

Niliruka saa tano kasoro dakika kumi. Ngazi ya kwanza ilininyanyua kama mtu aliyeshikwa ukosi, na kufikia saa sita nilikuwa mita elfu tatu juu, nyuzi sita chini ya sifuri, nikiwa nimeupita mto, reli, na kiwanda cha saruji. Masharubu yangu yaligeuka mawe. Nilikuwa na chupa ya chai, lakini kuifungua kulihitaji vidole, na vidole vilihitaji chai. Mwishowe niliifungua kwa meno. Nusu ikaingia mdomoni, nusu ikaingia katika mkono wa koti ikaganda kwenye kiwiko. Tangu hapo sikuweza kukunjua mkono wa kulia, nikaruka kilomita arobaini kama mtu anayepiga saluti.

Katika saa ya tatu ya safari, chai ya asubuhi ilianza kudai haki yake. Mrukaji hana njia ya heshima ya kulimaliza jambo hilo. Kuna njia nyingine, na Mwewe huitumia, na ndiyo maana hakuna anayetaka kuruka chini yake. Mimi nilijikaza. Nilikumbuka bweni letu, ambako mlango ulifungwa saa tatu na kufunguliwa alfajiri. Nilijikaza kilomita sabini, nikajikaza kilomita mia, nikapita mia moja na kumi na nane na kumpungia Mwewe mkono kimoyomoyo, maana mkono wenyewe haukukunjuka.

Kisha kipimo kidogo kilichofungwa kwenye bomba, ambacho hunililia ninapopanda, kikanyamaza. Nilitafuta ngazi kulia, nikatafuta kushoto. Hewa ilikuwa imelala. Mbele yangu palikuwa na msitu. Upande wa kulia, nyaya za umeme. Upande wa kushoto, shamba pana lililolimwa vizuri, watu wameinama, na nyumba yenye paa jekundu.

Redio ikakoroma. "Unaliona paa jekundu?"

"Naliona."

"Ndilo."

"Najua."

"Una kiwanja kingine?"

"Kuna msitu."

"Haya, chagua."

Niliutazama ule msitu kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Halafu nikageuka kushoto.

Kutua kwa bawa ni kazi ya miguu, nayo yangu ilikuwa imekufa ganzi tangu kwenye kiwanda cha saruji. Niligusa ardhi katikati ya tuta, nikapiga hatua mbili za mtu na tatu za mbuni, nikaingia kichwa mbele ndani ya rundo la viazi. Bawa likanifunika. Nje nilisikia sauti.

"Ni hema hilo?"

"Hema gani lenye buti?"

Mtu akainua ukingo wa kitambaa. Alikuwa shemeji yangu mkubwa, kaka wa mke wangu, anayefuga ndevu na utani. "Jamani!" alipaza sauti. "Ni shemeji Mkaguzi! Ameamua kupima viazi kutokea juu!"

"Saa ngapi?" niliuliza. Midomo haikufunguka sawasawa.

"Salamu kwanza, shemeji. Miaka kumi na tisa hii!"

"Hamjambo nyote. Saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika tano."

Kwa hiyo nilikuwa na muda hadi saa tisa na dakika thelathini na tano. Nilisoma umbali kwenye kipimo changu: kilomita mia moja na ishirini na moja. Nilichomoa cheti kutoka kifuani, kati ya magazeti. Na papo hapo nikamwona mama mkwe akija kutoka upande wa nyumba, jembe begani, hatua zake zile zile. Ningependa kusema kwamba nilisimama kumngojea kwa heshima. Niliinama kwa shemeji na kumnong'oneza swali moja, naye, badala ya kunijibu kwa mnong'ono, akaonyesha kwa mkono mzima.

"Mwacheni apite!" mama mkwe aliamuru kutoka mbali. "Mtu aliyebana magoti vile hana nafasi ya salamu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia tena katika boma la mama mkwe: nikikimbia, mkono mmoja juu kama askari. Nilikuwa nimevaa suruali tatu, zenye vifungo kumi na vinne kwa jumla, na vidole visivyo na habari. Nilipotoka, saa ilikuwa tisa na dakika kumi na tisa.

"Nani hapa si ndugu?" niliuliza.

Majembe yote yakatua.

"Swali gani hilo?" alisema mke wa shemeji. "Umeshuka sasa hivi tu, umeshaanza kutubagua?"

Nilieleza kanuni. Walisikiliza kwa makini, kisha wakaanza kujihesabu: shemeji wawili, wake zao, mjomba wa mke wangu, watoto wao, wapwa zao. Siku hiyo ukoo mzima ulikuja kumsaidia bibi kuvuna. Mwishowe mtoto mmoja akasema, "Yule wa ng'ombe je?"

Daktari wa mifugo alikuwa zizini, amemshika ng'ombe mkia. Aliniona nikitua, ng'ombe naye aliniona, na ndiyo maana daktari alikuwa akichechemea. Aliuliza kama mimi huwa napita njia hiyo mara nyingi, akafuta mkono kwenye aproni, akatia sahihi. Moja. Saa tisa na dakika ishirini na nne.

"Mimi nakusainia ya pili," alisema shemeji mdogo. "Naandika sikujui, nimekuokota shambani."

"Huo ni uongo."

"Kidogo tu, wa kukusaidia."

"Hapana, shemeji."

Ndipo macho yangu yakamwangukia kijana mmoja mrefu aliyebeba kikapu, sura ngeni. Alikuwa mchumba wa mpwa wa mke wangu.

"Mmekwisha kuoana?" nilimuuliza.

"Bado, mjomba. Mwezi ujao."

Moyo uliruka kuliko nilivyoruka mimi. "Basi huna udugu nami! Shika kalamu."

Alishika kalamu. Alikuwa amekwisha kuandika herufi mbili wakati mchumba wake alipotokea nyuma yake, mikono kiunoni.

"Unaandika nini hapo?"

"Kwamba... kwamba mimi si wa familia hii."

"Aa. Maliza basi. Maliza kuandika, halafu ukachukue na kikapu chako uende nacho."

Kalamu ilianguka kwenye udongo. Simlaumu; ana maisha yake mbele.

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini. Niligeuka, na mama mkwe alikuwa amesimama pale, jembe chini, akinitazama kama ninavyoitazama mizani ya muuza nyama. Wazo likanijia, na lilikuwa safi kabisa kisheria. Kwa kauli yake mwenyewe, mbele ya mashahidi, mwanamke huyu hakuwa na mkwe.

"Mama," nilisema, "uliniona nikitua?"

"Nani hakukuona?"

Nilimpa karatasi kwa mikono miwili. Alitoa miwani katika mfuko wa sweta, akaifuta, akasoma. Akasoma tena. Alisoma mara ya tatu, kidole kikifuata mstari.

"Unataka niandike kwamba wewe si mkwe wangu."

"Ndivyo ulivyosema, mama. Miaka kumi na tisa."

"Nilisema."

"Na hukubadilisha."

"Sikubadilisha."

"Basi—"

"Basi nini? Nilisema kwa mdomo, nikiwa na hasira. Hii ni karatasi." Aliishika juu, watu wote waione. "Umekula viazi vyangu miaka kumi na tisa. Wajukuu zangu umewafundisha kukunja mashati mpaka wananikunjia na matambara ya jikoni. Binti yangu akija hapa huja anacheka, na kila mara amenenepa kidogo. Halafu niandike kwamba mimi na wewe hatuna udugu? Mizani yangu ulikuta imepungua gramu themanini, ukaifunga. Hii imepungua gunia zima!"

Nilitazama saa. Tisa na dakika thelathini na nne.

"Mama," nilisema, "ni sahihi moja tu."

Nililisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu. *Tu.* Kwa miaka thelathini na mitano nimelisikia likitoka vinywani mwa wenye maduka. Ni gramu ishirini tu, Bwana Mkaguzi. Ni kipande cha risasi kidogo tu, sijui kimefikaje hapo. Sijawahi kumhurumia hata mmoja wao. Mama mkwe naye alilisikia. Aliinua nyusi, na zile nyusi zilikuwa mkaguzi mkubwa kuliko mimi.

"Usisaini, mama," nilisema.

Mkono wa saa ukapita. Mjomba akavua kofia, kana kwamba kuna aliyefariki.

"Lete hiyo kalamu," alisema mama mkwe. "Nilichokiona nitakiandika." Aliegemeza cheti juu ya mpini wa jembe na kuandika kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma miaka michache na kuiheshimu yote. Kisha akanirudishia. "Sasa ingia ndani, mwanangu, midomo imekuwa rangi ya bilinganya."

Sikuligundua neno hilo papo hapo. Nililigundua jikoni, miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu na mabegani koti la marehemu baba mkwe, na lilinifanya nimwage maji. Nilifungua cheti. Mbele ya *Sahihi ya pili* palikuwa na sahihi yake. Mbele ya *Udugu na mrukaji* aliandika: *Mama mkwe. Mkali, lakini wake.*

Barazani, kupitia dirishani, niliiona ile mizani. Lakiri yangu nyekundu ilikuwa bado juu yake, nzima, imefutwa vumbi.

"Hukuivunja?" niliuliza.

"Uliandika kwamba ni marufuku kuivunja."

Mke wangu alipofika na pikapu alitukuta barazani. Mimi nilikuwa peku, na bisibisi mkononi. Mama yake alishika mawe ya kupimia, akinilaumu kwamba ninakaza skrubu isiyohusika. Mke wangu alitutazama mmoja mmoja.

"Umevunja rekodi?"

"Batili," mama yake alijibu kabla yangu. "Inua hapo, mwanangu. Hapo, hapo. Huoni imeinama?"

Jumanne jioni, saa sita kabla ya kutimiza miaka sitini, niliwasilisha cheti kwenye kamati na kukigonga mhuri wa BATILI mimi mwenyewe. Mwewe aliomba akisome. Alicheka mpaka akakalia kibao cha matangazo. Kisha, kwa jambo ambalo sikulitarajia kwake, akafuta macho na kupendekeza Kanuni ya Kumi na Moja irekebishwe, ndugu wakubaliwe, nusu saa iondolewe, na rekodi yangu ihesabiwe, na yake pia. Wengine wote walinyoosha mikono. Mimi nilipinga, nikashindwa kura tisa kwa moja. Ndipo nikawakumbusha Kanuni ya Pili, inayosema kwamba marekebisho hayarudi nyuma. Hawakuniuliza ni nani aliyeiandika.

Rekodi ya chama bado ni kilomita tisini na nne.

Mwezi uliofuata mke wangu alirudi na gunia. Nililipima, maana mazoea yana taabu. Lilizidi kilo mbili nzima. Nikapiga simu.

"Mama, mizani yako imeharibika tena."

"Haijaharibika," alisema. "Njoo uipime."